Ng'ombe Wanane wa Mama Paulo

Siku ya kuniaga kazini nilisimama ukumbini nikaanza kueleza faida za kutumia nishati ya jua majumbani. Sentensi ya pili haijaisha, umeme ukakatika. Kipaza sauti kikafa, feni zikasimama, na kwa kuwa mapazia yalikuwa yamefungwa tusichomwe na jua, nikabaki nahutubia giza saa saba mchana. Zawadi yangu ilikuwa mezani, taa ya sola mpya kabisa. Mmoja wenu akasema basi iwashwe. Haikuwaka. Ilikuwa imekaa ndani ya boksi tangu itoke dukani, na jua haliingii kwenye boksi. Mlicheka mpaka mkashika meza, nami nikacheka, ila moyoni nilijisemea kwamba hii ndiyo kazi yangu yote imefungwa utepe nikakabidhiwa.

Mmeniomba niandike niliyoyaona, ninyi mnaobaki. Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi. Mshahara nao ulishaisha zamani. Nitaandika kuhusu niliyoyaharibu, maana hayo nayakumbuka vizuri, na yatawafaa zaidi.

Nilifika Babati mkoa wa Manyara ukiwa mpya. Kila chumba cha kupanga mjini kilikuwa na mtumishi aliyehamishwa, na ofisi nyingine zilikuwa kwenye nyumba za watu. Unaingia kuonana na mkubwa, unapita kwanza jikoni. Mimi nilikuwa fundi umeme wa majumbani kutoka Morogoro. Mradi mmoja ulikuwa unatafuta mtu wa kuwafundisha watu kupikia biogesi, kuwasha taa kwa sola na kubana matumizi ya umeme. Nikajitokeza. Waya nilizijua. Ng'ombe nilimjua akiwa kwenye sahani.

Mtu wa kunifundisha kazi alikuwa mwashi wa mitambo, Mzee Bura, mwenyeji wa Sigino. Alikuwa mfupi, mwenye kulalamikia tumbo lake kuanzia asubuhi, na sikuwahi kumwona bila mabuti ya mpira, hata msibani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akitazama viatu vyangu vyeusi vilivyopigwa rangi. Akaniuliza nimekuja navyo kwa harusi ya nani. Nikajibu kwamba mtumishi wa watu lazima apendeze. Akatangulia kunionyesha mtambo, mimi nyuma nikielezea habari za Morogoro, na nilipoona uwanja mzuri mkavu pembeni ya njia nikaukanyaga ili nitembee sambamba naye.

Ule haukuwa uwanja. Lilikuwa shimo linalopokea tope likishatoa gesi, ambalo juu hukauka likafanya ukoko. Nilizama mpaka juu ya goti. Bura aligeuka, akanivuta mkono, akaniambia kwamba sasa naweza kuanza kazi.

Vifaa vyake vilijaa kwenye ndoo moja. Palikuwa na mpira mrefu unaopitisha mwanga, ambao ukiujaza maji unakupimia usawa wa ukuta kuliko kifaa chochote cha dukani. Palikuwa na kopo la sabuni na brashi kuukuu: unapaka povu kwenye maungio ya bomba, likitoa mapovu ujue gesi inavuja. Palikuwa na kiberiti. Basi. Mimi nilikuwa na begi la ngozi, kikokotoo, na daftari gumu lenye mistari niliyoichora kwa rula: jina, kata, idadi ya watu, idadi ya ng'ombe. Bura aliliita daftari lile mke wangu wa pili.

Tulitofautiana jambo moja tangu mwanzo. Bura hachimbi shimo kwa mtu mpaka amekwenda kwake mara tatu. Mara ya kwanza anazungumzia mvua. Mara ya pili anakula alichopewa. Mara ya tatu, akishakunywa chai, ndipo anapouliza ya mtambo. Mimi niliona huo ni uvivu uliovaa mabuti. Mafuta ya pikipiki ya mradi yanakwisha kwa ajili ya mvua na chai? Nikaweka utaratibu wangu, wa kufika mara moja, kuuliza, kuandika na kuondoka. Nilikuwa nikifikia kaya tano kwa siku na kujisifu nazo.

Msidhani kwenye sola nilikuwa afadhali. Mzee Salimu, mwenye duka la vitenge pale mjini, aliniita nimfungie paneli juu ya nyumba. Nilikuwa na kijitabu kilichoandikwa na watu wa nchi za mbali, kikisema paneli ilazwe ielekee kusini. Nikailaza, tena kwa mwinuko mkali, nikashuka kwenye ngazi kwa madaha. Ilipofika miezi ya baridi taa zake zikawa zinakata mapema. Nikamlaumu kwamba wanawe wanachaji simu za mtaa mzima. Alinisikiliza kwa adabu yote, kisha akaniomba nitoke naye uani. "Mwalimu," akasema, "kaskazini mimi naielekea mara tano kwa siku, siwezi kuikosea. Na jua miezi hii liko kaskazini. Hii paneli yako imelipa mgongo." Kijitabu kile kilikuwa sahihi kabisa kwa watu wa upande wa pili wa dunia. Nilipanda tena nikaigeuza, na Mzee Salimu akanishikia ngazi bila kusema neno, jambo lililoniuma zaidi.

Nyumbani kwangu Nakwa mambo yalikuwa vilevile. Mke wangu, Mama Neema, analoweka maharage tangu jana yake, anapiga pasi nguo za wiki nzima kwa mkupuo mmoja, na taa ya chumba asichokaa mtu haijui. Hakuhudhuria semina hata moja. Mwendesha semina ndiye aliyekuwa akisahau taa ya choo. Tena nilijenga mtambo wa biogesi nyuma ya nyumba, wa mfano, ili wageni wa mradi waje wauone. Ulikuwa mzuri, Bura mwenyewe aliujenga. Kasoro yake ilikuwa moja: sikuwa na ng'ombe. Wageni waliutazama, wakaupiga picha, wakaondoka, na mvua ikaujaza maji, vyura wakahamia. Mama Neema akaendelea kupikia mkaa. Majirani walipomuuliza alijibu kwamba mganga hajigangi, na wa kwake hata dawa hana.

Sasa nije kwa Mama Paulo, maana hayo mengine yote ni dibaji.

Mama Paulo alikuwa mjane wa kule Sigino, anaishi na mwanawe Paulo. Alipika kwa mafiga matatu na kuni, ndani ya jiko lisilo na dirisha, miaka na miaka. Kifua kilikuwa kimeharibika. Hospitali walimwambia wazi kwamba akiendelea na moshi ule hatafika mbali. Kwa hiyo gesi kwake haikuwa anasa wala maendeleo ya kupigia picha. Mradi ulitoa jiko na bomba, mwenye nyumba anatoa saruji, mawe na nguvu. Yeye alikuwa na maksai mmoja wa kulimia. Akamuuza, akanunua saruji. Msimu ule alilima kwa jembe la mkono, na kifua kile.

Nilikwenda kwake kwa utaratibu wangu. Bura aliniambia turudi tena wiki ijayo, nikamwambia hakuna haja, zizi si hili hapa? Nikahesabu: wanane. Nikamuuliza Mama Paulo, hawa ng'ombe ni wa hapa? Akawatazama, akasema, "Wa hapa." Nikaandika nane, nikapigia mstari. Ng'ombe wanane ni kinyesi cha kutosha na kubaki.

Mtambo ukajengwa, ukajazwa, ukangojewa wiki zake. Siku moto wa buluu ulipowaka Mama Paulo aliuzungushia mkono pembeni, kama anayetafuta moshi umejificha wapi. Ukafanyika uzinduzi. Wakaja wageni wa mkoa, majirani, na watu waliokuwa wakielekea mnadani wakasimama kutazama. Nikapewa kipaza sauti cha mkono. Nikafungua daftari, nikasoma kwa sauti ya kusikika bondeni kwamba mama huyu mnayemwona ana ng'ombe wanane, na kila mwenye ng'ombe kama yeye hana sababu ya kukaa kwenye moshi. Watu wakawa kimya ghafla. Nilidhani nimewagusa. Bura alikuwa anatazama mabuti yake.

Haukupita mwezi moto ukaanza kulegea. Kwanza haukuivisha makande, kisha haukuchemsha hata uji, kisha ukazima. Nikaenda na kopo la sabuni. Nikapaka povu kila ungio, hakuna panapovuja. Nikapima bomba, nikafungua koki, nikanusa, nikalala kifudifudi kwenye mlango wa kuingizia kinyesi. Mtambo ulikuwa mzima. Nikamwambia Mama Paulo kwamba halishi mtambo inavyotakiwa, ndoo mbili za kinyesi na mbili za maji kila siku, nilimfundisha au sikumfundisha? Alisema ulinifundisha, Mwalimu. Zizini hapakuwa na ng'ombe, nikadhani wako malishoni. Nikarudi ofisini nikaandika ripoti kwamba mtumiaji hazingatii maelekezo, ni mzembe.

Hilo neno mzembe niliandika kwa mkono huu huu. Mkubwa wa mradi alilisoma, akaamua kwamba mwisho wa mwezi unaofuata jiko na bomba ving'olewe kwa Mama Paulo vipelekwe kaya nyingine inayojituma. Mafiga yalikuwa yamesharudi. Nilipopeleka habari ile nilimkuta amepiga magoti anapuliza kuni, anakohoa mpaka anashika ukuta. Hakunilaumu. Aliniuliza kama wataacha angalau shimo, maana shemeji yake ameshaanza kumcheka kwamba aliuza maksai akanunua kaburi.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Bura. Alikuwa anakunywa maji ya moto kwa ajili ya tumbo. Nikamweleza. Akaniuliza kama nimetazama ardhi ya zizi. Nikasema nimetazama mabomba. Akasema twende. Zizini akanionyesha: hakuna nyayo mpya hata moja, na kinyesi cha zamani kimekauka kama mkate. Ng'ombe wote walikuwa wameondoka.

"Hawakuwa wake," akasema Bura. "Ni wa Mzee Gidabayo, huko nyanda za Hanang. Aliwaacha kwa marehemu mume wa Mama Paulo awatunze."

Ndipo aliponieleza kitu ambacho kila mtoto wa Sigino anakijua, na mimi nilikuwa nimekaa nacho miaka bila kukiona. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki pamoja. Huwagawa kwa watu anaowaamini, wawili huku, saba kule. Ugonjwa ukipita haumalizi wote. Anayetunza anapata maziwa na samadi, na siku moja, akiwa mwaminifu, anapewa ndama. Na uaminifu wa kwanza ni mdomo. Hasemi ng'ombe ni wa nani, sembuse kwa mtu mwenye daftari kutoka mjini, ambako mkoa mpya umeanza na haijulikani utataka kodi ya nini.

Nikamuuliza Bura mbona hukuniambia. Akasema aliniambia turudi wiki ijayo. Nikasema lakini mimi niliuliza! Nilimuuliza kama ni wa hapa! Akanitazama kwa huruma kidogo. "Ukiuliza mara ya kwanza," akasema, "kila ng'ombe ni wa hapa."

Mwezi ulikuwa unakwenda. Tukapanda basi, kisha tukatembea, mpaka kwa Mzee Gidabayo. Alikuwa mrefu, mkimya, na shuka lake begani. Nilikuwa na maombi yangu nimeyapanga kwa namba. Bura aliniamuru nizungumzie mvua. Nilipoingiza mkono kwenye begi kutoa daftari, Bura alilichukua akalikalia. Tukazungumzia mvua mchana mzima, tukaondoka. Wiki iliyofuata tukarudi, tukala. Mimi natoka jasho, nahesabu siku zilizobaki kabla ya jiko kung'olewa, na mzee ananisimulia habari za fahali mmoja aliyekufa zamani. Yule fahali namjua sasa kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Safari ya tatu, chai ikiwa mkononi, mzee akanigeukia, akaniuliza mtu wa mjini, unatafuta nini hasa kwangu.

"Mavi, mzee," nikasema. Yale maneno yote niliyopanga yalikuwa yamepotea.

Alicheka mpaka akashikilia fimbo. Alisema watu wameshamjia wakitaka maziwa, dume, hata binti, lakini hajawahi kuona mtu mzima mwenye kalamu mfukoni akisafiri mara tatu kufuata mavi. Kisha kicheko kikaisha. Akaniambia kwa upole kwamba hakuwa na ugomvi na Mama Paulo, ni mwanamke mwenye siri na mikono misafi, na asingewaondoa ng'ombe kwake. "Ng'ombe wangu hawajawahi kuandikwa," akasema. "Wewe uliwaandika. Tena ukawatangaza kwa tarumbeta, watu wa mnadani wakasikia."

Kumbe! Nilikaa pale na kikombe changu. Nilikuwa nimepaka sabuni kila bomba la Sigino nikitafuta panapovuja, na palipovuja ni mdomo wangu. Mwanamke alinyamaza ili asimsaliti mtu, nikamwita mzembe. Niliona aibu kweli kweli, na naandika hivi nikiwa naiona bado.

Nikaomba daftari kwa Bura. Akainuka kidogo, akanipa. Nikachana ule ukurasa, nikampa mzee. Aliukunja mara nne, akautia kwenye kopo lake la ugoro. Hakusema nimekusamehe. Alisema nyasi za kwake zimepungua mwaka huu, na kama Mama Paulo ana nafasi anaweza kumtunzia ng'ombe wanne. Nilitazama huku na huku. Nyasi zilikuwa zinafika magotini. Bura akanikanyaga mguu kwa buti ili nisiseme kitu.

Ila akaweka sharti. Safari hii ng'ombe wasingekuwa chini ya Mama Paulo peke yake. Chini yangu pia. Mtu aliyewaandika awajue kwa nyuso. Hivyo ndivyo mimi, mtumishi wa viatu vyeusi, nilivyokwenda Sigino kila Jumamosi kwa miaka mingi, kuzoa kinyesi kwa koleo, kukichanganya na maji kwa mikono na kukimwaga. Mara mbili Mzee Gidabayo alipita bila taarifa kuona kama nipo. Mara zote mbili alinikuta nimechafuka, akaridhika. Mabuti ya mpira nilinunua Jumamosi ya pili.

Ripoti ya kusahihisha niliandika fupi: mtumiaji hana kosa, kosa ni la afisa. Mkubwa aliniita akaniuliza kosa gani, nikashindwa kumweleza bila kutaja ng'ombe wa nani. Nikapewa barua ya onyo kwa kutoa taarifa zisizo na maelezo. Ninayo mpaka leo, na ndiyo cheti pekee nilichokipata kazini kwa haki. Jiko halikung'olewa. Moto ulirudi kabla mwezi haujaisha, na Mama Paulo akayabomoa mafiga mwenyewe, jiwe moja moja, akayatupa nje ya ua. Tangu siku hiyo hakuniita tena Mwalimu. Aliniita Baba Neema.

Bura alifariki miaka kadhaa baadaye, kwa tumbo lile lile tulilolifanyia mzaha. Ule mpira wake wa kupimia usawa unaning'inia stoo kwangu. Mzee Gidabayo naye alitangulia, na wanawe walipokuja kuchukua ng'ombe walimwachia Mama Paulo mitamba, kama baba yao alivyoagiza. Sasa ana wa kwake. Nimemsomea haya ninayoandika, amecheka mpaka machozi, bila kukohoa. Amekataza jambo moja tu nisiliandike, nalo ni idadi.

Wiki ile niliyostaafu alikuja Nakwa kwa miguu, Paulo, ambaye sasa ni mtu mzima na ndevu zake, akiswaga mtamba mmoja mwekundu. Nilitoka nikidhani amekuja kuniaga. Akakaa, akaulizia mvua, akanywa chai ya mkaa ya Mama Neema.

"Baba Neema," akasema, "nyasi za kwangu zimepungua. Naomba unitunzie huyu."

Mvua zilikuwa zimenyesha wiki tatu mfululizo. Sigino nzima ilikuwa kijani. Mama Neema akauliza ng'ombe huyo anapenda majani gani. Nimeagwa kwa hotuba na taa isiyo na chaji, asanteni sana, lakini kuagwa kwangu kulikuwa hapo, na kuajiriwa kwangu upya.

Tumewahamisha vyura. Mtambo wa mfano umelishwa kwa mara ya kwanza tangu ujengwe. Ng'ombe mmoja hatoshi, gesi yake ni ya chai tu, maharage bado ni mkaa, na Mama Neema anasema kwa mwendo huu atapika ubwabwa akiwa na miaka mia. Lakini asubuhi moto wa buluu unawaka jikoni kwangu, na mimi nasimama pale nimevaa mabuti nautazama.

Juzi alikuja mwenzenu mmoja, binti mpya, anayeandikisha kaya zenye mitambo. Hakunijua. Aliniamkia vizuri, akatoa kishikwambi chake, viatu vyake vinang'aa. Nilimwonya mapema kuhusu ule ukoko wa shimo la tope, akapita pembeni. Akauliza watu wangapi, nikamwambia. Akauliza ng'ombe wangapi, nikasema mmoja. Akaandika, akaaga, nikasikitika kidogo. Alipofika getini akasimama, akarudi.

"Samahani, mzee," akasema, "huyu ng'ombe ni wa nani?"

Ni swali zuri. Mimi lilinichukua safari tatu za Hanang kujua kwamba lipo. Nilimtazama mtamba, nikamtazama yule binti, nikasikia mdomo wangu ukijibu wenyewe.

"Wa hapa," nikasema.

Akija mara ya pili, tutampa chakula. Mara ya tatu nitamwashia moto, nimchemshie chai, nimwambie.